Uvimbe Uliongojea Mtihani

Kila Jumapili asubuhi mimi na dada yangu Chunja huenda kuoga katika bafu la mtaa, hapa mjini Jecheon, Korea Kusini. Wanawake tunakaa uchi, kila mmoja na beseni lake, na hakuna anayemwonea mwenzake haya. Tunaloweka miili kwenye maji ya moto, tunasuguana migongo, tunawasema waume zetu. Ndiyo raha yetu ya wiki.

Mwaka ule, tangu Machi, dada aliacha kuja. Kila Jumapili alikuwa na sababu. Mara mafua, mara nguo za kufua. Sikumtilia shaka. Binti yake wa pekee, Boram, angefanya mtihani wa kuingia chuo kikuu mwezi wa Novemba. Mwaka wa mtihani watu wa nyumba nzima hunyata. Televisheni huzimwa. Supu ya mwani haipikwi, maana mwani unateleza, na mtoto asije akateleza kwenye mtihani. Habari mbaya hazitamkwi ndani. Mama huamka alfajiri kumwombea mtoto.

Septemba ilipofika nilichoka na visingizio vyake.

"Sikukuu ya mavuno imekaribia," nilimwambia. "Utakwenda kwenye makaburi ya wakwe zako na nongo za miezi sita?"

Alicheka, akakubali. Lakini hata ndani ya bafu alijifunika taulo kifuani. Nikamtania, "Tangu lini umekuwa bibi harusi?" Nikamshika mkono hadi kwenye kitanda cha Bi. Bongsun, ambaye kazi yake ni kusugua watu. Amesugua miili ya mtaa huu kwa miaka ishirini, na mdomo wake haupumziki.

"Mama Boram! Nilidhani umehamia Seoul. Lala hapa nikuvue gamba."

Alisugua mgongo, akasugua miguu, huku akitania. Akamgeuza. Alipofika ubavu wa kushoto, akanyamaza. Mkono wake ukasimama.

"Mama Boram, hiki nini?"

"Nyama tu."

"Nyama gani ngumu hivi? Inua mkono." Akagusa titi, akagusa kwapa. "Umekiona lini?"

Dada alifumba macho. "Machi."

 Machi! Miezi sita dada yangu wa damu anatembea na kitu hicho, nami nakula naye, nacheka naye, sijui lolote!

"Na hospitali umekwenda?" niliuliza.

"Punguza sauti. Nitakwenda mtihani ukiisha. Imebaki miezi miwili tu. Halafu hakiumi. Nakikanda kwa majani ya pakanga."

"Kutouma ndiko kunakotudanganya," alisema Bi. Bongsun. "Mimi si daktari, dada. Lakini mikono hii imewahi kukutana na uvimbe kama huu kwa wanawake watatu. Aliyewahi hospitali bado namsugua hadi leo. Inaweza kuwa saratani. Nenda kesho."

"Usilitaje neno hilo!" Dada alikaa kitako, maji yakimchuruzika. "Mwanangu ana mtihani!"



Tulipokuwa tukivaa, dada alinishika mkono kwa nguvu. "Ukimwambia Boram, wewe si ndugu yangu tena. Mtoto akishtuka, akifeli, nitakulaumu wewe hadi kufa."

Sitaficha. Nilikaribia kumtii. Mimi pia nimelelewa kuuogopa mtihani ule. Lakini nilipofika nyumbani sikukaa. Nikavaa viatu tena, nikaenda kwa dada.

Boram alikuwa mezani na vitabu vyake. Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Dada akaingia na sahani ya mapeasi aliyomkatia, akatuona nyuso zetu.

"Mama, ni kweli?" aliuliza Boram.

Dada alinitazama mimi. Macho yale sitayasahau. "Kula matunda, mwanangu. Mama yako mdogo huyu ana maneno mengi."

"Mama mdogo hajawahi kunidanganya!" Boram alisimama. "Yaani mimi nakariri hesabu, na wewe unaoza kimya kimya kwa ajili yangu? Nani alikuomba? Mtihani upo kila mwaka, Mama! Na wewe je? Upo kila mwaka?"

 Dada aliweka sahani mezani, akaketi sakafuni, akalia kama mtoto. Boram alimkumbatia kwa nyuma na hakumwachia. Shemeji, mume wa dada, ambaye ni dereva wa lori, tulimpigia simu.  Akasema, "Kesho siendi kazini."

Hospitali walimpiga picha ya matiti. Wakamtoa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, kikapelekwa kupimwa. Baada ya siku chache Daktari Noh, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alituita sote.

"Ni saratani," alisema. "Imeanza kuingia kwenye tezi za kwapani. Lakini inatibika."

Shemeji alishika ukingo wa meza. Dada akauliza kwa sauti ndogo, "Ni adhabu? Nilimkosea nani?"

"Si adhabu, mama. Wala si laana, wala haiambukizi. Ni ugonjwa, unaweza kumpata mwanamke yeyote, hata wanaume wachache huupata. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, ila huwezi kujua kwa kukisia. Ni kupima tu. Ungekuja Machi, kazi yetu ingekuwa nyepesi zaidi."

"Na sisi tufanye nini?" aliuliza shemeji.

"Msinong'one nyuma ya mlango. Msimletee dawa za kuokota kwa majirani. Kila akija hapa, mmoja wenu aje naye. Akitaka kulia, mwacheni alie. Akitaka kucheka, chekeni naye."

Oktoba titi la kushoto liliondolewa. Kisha zikaanza dawa za kuua saratani, zinazoingia kwa mshipa. Alitapika. Nywele zikaanguka. Shemeji, ambaye hakuwahi kujua sufuria ya wali iko wapi, alijifunza kupika uji. Siku ya mtihani ni yeye aliyemfungia Boram chakula, mayai yakiwa yameungua upande mmoja. Boram alifanya mtihani, akapata alama za kawaida. Akaingia chuo cha jirani badala ya kile cha Seoul. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Aprili matibabu makubwa yaliisha. Vipimo havikuonyesha saratani tena. Daktari alimpa tarehe za kurudi kuangaliwa, akamsisitizia asizikose. Lakini bafuni dada hakutaka kwenda.

"Wataniangalia," alisema.

"Waangalie," nilijibu. "Mimi nitakuwa kando yako."

Tukaenda. Alivua taulo. Kovu lilikuwa refu, kutoka katikati ya kifua hadi kwapani. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu yetu alilitazama, akashtuka, akavuta beseni lake mbali.

Nilitaka kumrukia. Dada alinizuia, akamgeukia yule mama.

"Haiambukizi," alisema. "Mimi niliugusa uvimbe wangu nikanyamaza miezi sita. Wewe umejikagua lini?"

Yule mama alikodoa macho. "Sijawahi. Najikaguaje?"

"Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi. Kama imekoma, chagua tarehe yako. Kwanza angalia kwenye kioo. Ngozi imebonyea? Chuchu imeingia ndani, au inatoa damu? Kisha inua mkono mmoja nyuma ya kichwa. Kwa vidole vitatu vya mkono mwingine, bonyeza ukizunguka titi lote hadi kwapani. Ukikuta kitu kipya, usikikande, usingoje. Nenda ukapimwe. Hata usipokuta kitu, muulize daktari lini upigwe picha."

 Yule mama alitazama kovu tena, safari hii bila kugeuza uso. Kisha akasogeza beseni lake karibu nasi, akainua mkono wake wa kushoto, na vidole vyake vikaanza kutafuta polepole. Vilipofika kwapani, vikasimama.

"Mama," alimwambia dada, "hebu shika hapa."