Stesheni ya Chiriku

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku alikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya marehemu baba yake na kuwasha mchezo wa reli. Jina hilo la utani alipewa na baba kwa sababu ya kupenda kuongea, lakini tangu msiba maneno yalimtoka kwa kupimwa. Mama akimuuliza, "Una nini, mwanangu?" jibu lilikuwa lile lile: "Sina kitu."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani, na wanafunzi wenzake waliucheka. Lakini ndani yake mlikuwa na mji alioujenga na baba yake, reli kwa reli. Baba ndiye aliyezipa stesheni majina. Ile ya mwisho, kando ya mto, aliiita Chiriku, "kwa sababu kila treni ikifika hapo lazima ipige kelele."

Sasa mji ulikuwa haufunguki. Alibonyeza, skrini ikawa nyeusi, kisha mchezo ukajifunga wenyewe. Alizima kompyuta, akaiwasha tena. Alipunguza ukubwa wa picha. Akanyamazisha sauti. Weusi ukawa ule ule. Alilaza kichwa kwenye kibodi akalia, maana aliona kama anamzika baba mara ya pili.

Jumamosi alikuja shangazi, dada yake baba, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa kompyuta. Alifungua mfuniko, akapuliza ndani, akapiga chafya.

"Vumbi hili limeshapata wajukuu," alisema. Chiriku hakucheka. "Haya, niambie. Kabla mchezo haujaanza kujifunga, uligusa nini?"

"Sikugusa kitu, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shangazi alishinda asubuhi nzima akipima kifaa kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizima. Mchana alikaa chini akakuna kichwa.

"Kama hukugusa kitu, basi faili ya mji imeharibika yenyewe. Hata nikiitunza haitafunguka tena. Tuufute, binti yangu, uanze mji mwingine."

Mji mwingine! Chiriku aliudaka mkono wa shangazi. Mji mwingine ungetoka wapi, na aliyezipa stesheni majina yuko kaburini?

"Shangazi," alisema. "Niligusa."

Akaeleza yote. Rafiki yake alimwazima flashi yenye treni mpya zinazong'aa. Aliziingiza kwenye mchezo, akazitawanya mji mzima, akahifadhi. Baada ya hapo mchezo ukaanza kujifunga kila ukichezwa kidogo. Aliogopa kuambiwa ameharibu kitu cha baba, kwa hiyo akafuta faili za treni zile zote, akanyamaza.

"Kumbe!" Shangazi alijipiga paja. "Mji unatafuta treni ulizozitupa, unazikosa, unaanguka. Na mimi nahangaika na vumbi! Flashi iko wapi?"

"Kwenye begi."

Walizirudisha faili, na mji ukafunguka. "Haraka!" alisema shangazi. "Ziondoe treni mpya kabla haujajifunga!" Chiriku aliondoa mbili, akahifadhi, skrini ikawa nyeusi. Wakafungua tena. Akaondoa tatu, weusi. Mara nyingine ulijifunga kabla hajahifadhi, wakarudia. Mwishowe zikabaki treni za zamani tu, na mji haukuanguka tena. Treni ya baba, yenye mabehewa ya kijani, iliingia Stesheni ya Chiriku ikapiga honi.

Shangazi hakushangilia. Alifuta macho kwa kiganja.

"Baba yako naye nilimuuliza, 'Kaka, una nini?' Akanijibu, 'Sina kitu, ni uchovu tu.' Alipokubali kwenda hospitali, daktari hakuwa na la kufanya. Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu. Nilimwomba aseme, hakusema. Wewe umesema, ndiyo maana mji umeupata. Awe fundi, awe daktari, awe mzazi, hakuna anayetengeneza asichoambiwa. Ukiharibu, sema. Ukiumwa, sema. Na useme mapema."

Jioni mama alirudi kutoka kazini, akaweka mkoba mezani. Alimwona binti yake kwenye kompyuta, macho mekundu.

"Una nini, mwanangu?"

Chiriku alifungua mdomo kutoa jibu la kila siku. Akaufunga.

"Namlilia baba," alisema. "Kila siku namlilia, mama."

Mama alivuta kiti akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Hata mimi," alisema. "Hebu nionyeshe mji wenu."