Ukingo Uliokatwa Mshazari

Makava ya kochi yalirudi tena. Mama Vifungo aliyaona begani kwa mumewe kabla hajavuka kizingiti. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Bosi kasemaje?"

Mumewe, mpakiaji mizigo katika karakana ya makochi iliyompa mkewe kazi ya kushonea nyumbani, aliyabwaga sakafuni. "Eti ukingo umekunjamana kama uso wa mwenye njaa. Yakirudi tena, niibebe cherehani nimrudishie."

Cherehani ilikuwa ya karakana. Bila hiyo, Mama Vifungo hana kazi. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi. Akachukua wembe, akaanza kufumua. Kufumua kazi yako mwenyewe kunachosha kuliko kushona mara kumi.

Kazi yake ilikuwa kufunika kamba nyembamba kwa utepe wa kitambaa, kisha kuishonea pembeni mwa kava iwe ukingo wa pambo. Penye mstari ulionyooka, ukingo ulilala vizuri. Penye mkono wa kochi, ulio mviringo, ulisimama kama masikio ya punda.

Jirani yake, Bi Mkasi, akaingia kuazima sindano. Alikuwa amekata vitambaa kiwandani miaka ishirini, mpaka magoti yakagoma.

"Unafumua tena, mwanangu? Utamaliza nyuzi za dunia."

"Mkono wangu mzito, Bi Mkasi."

"Kakuambia nani? Bosi? Kitanda asichokilalia, kunguni wake kawajulia wapi? Hebu lete utepe."

Akaushika ncha mbili, akauvuta. Haukunyumbuka.

"Kaukata nani?"

"Unatoka karakana, umeshakatwa."

"Wameukata kwa kunyoosha, kufuata uzi wa kitambaa. Hivyo kitambaa hakipotei, kinachopotea ni mgongo wako. Kamba hukatikia pembamba! Kwetu kiwandani msichana mmoja alifukuzwa kwa ukingo kama huu. Nilijua kosa si lake, nikanyamaza. Mpaka leo namwona anakunja aproni yake."

Akaokota kipande cha kitambaa chenye pembe nne. "Vuta kwa upande."

"Kigumu."

"Sasa vuta kona kwa kona."

Kitambaa kikanyumbuka. Mama Vifungo akakivuta tena, asiamini.

"Huo ndio mshazari," alisema Bi Mkasi. "Kunja kona, upande huu ulale sawasawa juu ya upande unaokutana nao. Mkunjo ndio mstari wako. Kata tepe zako kuufuata. Upana vidole vitatu. Ukifika kwenye mviringo, pasua kidogokidogo pindo la ndani, ila usiguse mshono."

Mama Vifungo akakata mabaki mshazari, akayaunganisha, akashona mkono mmoja wa kava. Ukingo ukazunguka bila mkunjo hata mmoja. Akashika mkasi aurekebishe na mkono wa pili.

"Huo uache ulivyo," alisema Bi Mkasi. "Peleka kava mwenyewe. Usimtume mtu."

"Ukimkera bosi?" mumewe aliuliza.

"Cherehani utaibeba hata nikinyamaza, baba watoto."

Karakana ilikuwa na vumbi la sponji na kelele. Washonaji wengine walisimama mlangoni na mafurushi yao yaliyorudishwa. Bosi akalivisha kochi kava, akaugusa mkono mmoja.

"Huu kashona nani?"

"Mimi."

"Na huu uliokunjamana?"

"Mimi pia. Uzi mmoja, cherehani moja. Utepe wa huu nimeukata mwenyewe, mshazari. Utepe wa ule mmeukata nyinyi."

Kelele zikapungua. Bosi akakuna shingo.

"Mshazari unakula kitambaa."

"Na kurudia hakuli? Tunafumua sisi, ndiyo maana huoni."

Mlangoni mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Haya," bosi akasema. "Chukua jora zima, ukate mwenyewe."

"Na hawa wenzangu?"

Bosi akayatazama mafurushi. Yalikuwa mengi. "Na wao."

Wiki ile Mama Vifungo aliwafundisha wenzake kukunja kona, kama alivyofundishwa. Makava yakaenda, hakuna lililorudi. Cherehani ikabaki mahali pake.

Siku ya kukabidhi kava la mwisho, alilivisha kochi yeye mwenyewe. Ukutani paliandikwa: WASHONAJI WASIKALIE MAKOCHI. Kwa miaka sita alikuwa ameyavisha makochi yale, na hakuwahi kukalia hata moja. Akalikalia kochi lile, mkono wake ukitulia juu ya ukingo laini.

Bosi akalitazama tangazo la ukutani, kisha akaendelea kuhesabu makava.

"Kunguni hamna," alisema Mama Vifungo, akafumba macho.