Aliyeitika Miambani

Nilikwenda kumchukua mume wangu jioni, kama mtu anavyokwenda kumpokea mgeni stesheni. Shida ni kwamba Owen alikuwa amekufa tangu Februari, na hii ilikuwa Novemba.

Februari ile tulikimbia baridi ya Stockholm, tukaruka hadi kisiwa kimoja cha Karibiani. Huko kuna hifadhi ya taifa upande wa bahari kali. Hakuna mchanga wala miavuli. Ni miamba myeusi yenye ncha, midungusi, na mbuzi wasio na mwenyewe. Maji huingia chini ya mwamba, yakanguruma, kisha yakaruka juu kupitia tundu. Owen alikuwa na mafua, sauti imemkauka, lakini akasogea apige picha. Nikamwambia, wee, rudi! Wimbi moja tu. Hatukupata hata kiatu.

Kwao Siaya, Ujaluoni, mtu asipopatikana huzikwa tunda la mti wa mwegea badala ya mwili wake. Lakini mama mkwe alitaka mtoto wake aitwe kwanza pale alipopotelea.

"Nyar Maragoli," aliniambia kwenye simu. Ndivyo anavyoniita, binti wa Maragoli. "Mwite, okota jiwe palepale, uje naye moja kwa moja hapa nyumbani. Usimlaze popote njiani. Na ukisikia anakujibu, acha jiwe hilo ukimbie. Wafu wetu hawaitiki."

Asiyesikia la mkuu... malizieni wenyewe.

Nilifika hifadhini wakiwa wanafunga. Anselmo, mlinzi aliyetusaidia kumtafuta Owen, alinitambua akanifungulia lango. Akanipeleka kwa gari lake hadi miambani.

"Fanya haraka, dada," alininong'oneza. "Jua likizama hatukai huku."

"Kwa nini?"

Akaangalia bahari. "Hakuzama mumeo peke yake hapa."

Nilisimama pale pale. Harufu ya mwani ilinijaa kooni. Nikaita, "Owen! Twende nyumbani, baba."

Upepo... Maji yakanguruma chini ya miguu yangu. Nikainama, nikaokota jiwe.

"Nipo."

Ilikuwa sauti yake. Haki ya Mungu, ilikuwa yake, imekauka kwa yale mafua. Nilipaswa kutupa jiwe. Nililikumbatia nikalia hadi nikapiga magoti.

"Umesikia?" nilimuuliza Anselmo.

"Sijasikia kitu." Lakini alikuwa ameshafanya ishara ya msalaba na kuwasha gari. Tulipofika langoni niligeuka nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa.

Amsterdam nilipaswa kupanda ndege ya Nairobi. Miguu ikakataa. Nikiwapa jiwe watu wa kwao, watamfukia, nami nirudi Flemingsberg, pembezoni mwa Stockholm, kwenye nyumba ambayo koti lake bado linaning'inia mlangoni. Nikajiambia, siku moja tu, nimwone amekaa kwenye kiti chake. Nikapanda ya Stockholm.

Siku moja ikawa wiki mbili, na simu ya mama mkwe sikupokea.

Nililiweka jiwe kwenye mto wake kitandani. Asubuhi mto ulikuwa na maji ya chumvi. Nyayo zenye unyevu zilitoka chumbani hadi jikoni zikarudi. Nikiuliza, "Owen, upo?" ananijibu kutoka chumbani, "Nipo." Neno hilo hilo tu. Nilisonga ugali wa watu wawili. Msinicheke, nilifurahi kama bibi harusi.

Kisha akaja Clementina, jirani yangu Mtanzania, nesi hapo hospitali. Ilikuwa saa kumi alasiri, na nje giza limeshaingia, Novemba ya huku ndivyo ilivyo. Alibeba sufuria ya ndizi na nyama.

"Shoga, mbona humu kunanuka samaki? Na umekonda hivyo!"

Ghafla akageuka. Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha kulala.

"Nani yumo mle?" alinong'ona.

"Owen," nikasema. Nilichoka kuficha.

Alitikisa kichwa. "Mwenzangu... humo ndani kuna mtu ananiita kwa sauti ya mama yangu. Mama nilimzika Bukoba."

Akaweka sufuria sakafuni, akashuka ngazi mbio bila kungoja lifti.

Simu ikalia. Safari hii nikapokea.

"Nyar Maragoli, uko wapi?" Mama mkwe alikuwa analia, lakini kwa utulivu. "Wazee walikataa kungoja. Tumezika tunda jana. Na Owen amefika, mwanangu. Nimemwota ameingia jikoni kwangu, akasema ana baridi, nikamfunika. Alisema amekuja mwenyewe tangu Februari, akingoja tu kaburi."

"Februari?"

"Februari. Wewe ulimwita nani huko?"

Haikuwa hofu, hofu ilikuja baadaye. Kilichonichoma ni kwamba aliondoka kule akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Miezi yote ile nililala taa ikiwaka, nikimsubiri, na hakupita kwangu hata kuniaga.

"Kama uko naye ndani, toka, mwanangu! Toka sasa hivi!"

Nilikata simu.

Chumbani kitanda kililia, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake. Clementina alikuwa ameacha mlango wa nje wazi, na taa ya ngazini bado inawaka.

Owen nilimwita, hakuja. Huyu alikuja.

Nikaenda nikafunga mlango wa nje. Nikavua viatu, nikaingia kulala.