Nimekata, Shemeji

Nianze na kosa langu, Mungu anisamehe: siku ile nilicheka. Nilikuwa mlangoni mwa karakana, redio mbovu kwapani. Nikaiona plagi imo ukutani, nikacheka.

Karakana ile ilikuwa ya mashemeji wawili. Mwenye nayo tulimwita Koti, kwa kuwa hakuvua koti lake hata jua liwakeje. Mwenzake, mume wa dada yake, tulimwita Mkono Mmoja. Kila alipogusa chombo chenye umeme, mkono wa kushoto aliutia mfukoni. Alisema umeme ukiingilia mkono huu na kutokea ule, njiani unaukuta moyo.

Walikuwa na waya wa kujaribia: upande huu plagi, upande ule vibanio viwili vya chuma vyenye meno, vya kubana kwenye kifaa kilichofunguliwa mezani. Soketi ilikuwa nyuma ya kiti cha Koti. Kwa hiyo Mkono Mmoja hakugusa vibanio kabla ya kuuliza, "Umekata?" Koti akishachomoa plagi hujibu, "Nimekata." Miaka saba walikwenda hivyo, na neno halikuwahi kuwa uongo.

"Huo mkono wa kushoto upo likizo?" Koti alimtania asubuhi ile.

"Unamlinda dada yako asiwe mjane, shemeji."

Koti akanikonyeza. Alitaka amwone mwenzake akiruka kidogo tu, tucheke, yaishe.

"Hivyo vibanio vimekaza. Vitoe kwa mikono miwili, kama mwanaume."

"Umekata?"

"Nimekata."

Hakuruka.

Msibani Koti alisema marehemu alisahau kuuliza. Dada yake akaitikia kwa kichwa, macho makavu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Koti aliutumbukiza ule waya chooni, kwenye shimo. Kesho yake akaukuta karakanani, kwenye msumari wake. Ulikuwa mkavu. Ulikuwa umekunjwa mikunjo minne, kama alivyokuwa akiukunja marehemu.

Mwezi wa tatu baada ya msiba dada akaja, amevaa ovaroli ya mumewe.

"Kaka, watoto wanataka kula. Nifundishe kazi."

Angemkataza, angeulizwa sababu. Akamwachia kiti cha marehemu. Mchana kweupe, watu wanapita nje, dada akabana vibanio kwenye televisheni iliyofunguliwa. Wakajaribu, wakaona inawaka, Koti akachomoa plagi. Dada alikuwa ametia mkono wa kushoto mfukoni. Hakuna aliyemfundisha hilo.

"Kaka, umekata?"

Plagi ilikuwa mkononi mwa Koti. Aliitazama mara mbili. Akafungua kinywa.

"Nimekata," ikajibu sauti chini ya meza.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Midomo yake haikuwa imetikisika. Na nyuma ya sauti ile, kicheko. Koti aliponisimulia, alipofika hapo alinitazama. Alikijua kicheko ni cha nani.

Dada akautoa mkono mfukoni. Akavinyooshea vibanio mikono miwili. Kati ya vibanio, cheche ndogo ya buluu ikatambaa.

"Usiguse, dada," Koti akanong'ona. "Nilimdanganya mumeo. Sikukata."

Dada hakushtuka.

"Najua," alisema polepole. "Mwenyewe huja usiku kuniambia. Basi vitoe wewe."

"Dada yangu..."

"Plagi si unayo mkononi, kaka? Unaogopa nini?"

Koti akaiweka plagi mezani, mbele ya macho yake. Hakuna umeme. Hakuna pa kutokea umeme. Akasema bismillahi. Akavishika.

Hakufa. Kufa kungekuwa rehema. Viganja vyake vimejikunja kama majani makavu, na katika kila kimoja pana alama za meno ya chuma, safu mbili. Analishwa kwa kijiko. Anayemlisha ni dada yake, na kila anapoleta kijiko humuuliza, taratibu, "Umekata?" Mpaka ajibu ndipo anakula.

Ile plagi niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa bado mezani, mbali na ukuta, na pini zake zimeungua, nyeusi tii.

Nimesali. Nimetubu kwa Mungu. Kwa yule dada sijaenda, sina uso huo.

Leo asubuhi, kwenye msumari ninaotundikia shati chumbani kwangu, nimekuta waya. Mikunjo minne. Vibanio vinaning'inia karibu na mto wangu, na upande wa pili umeshuka nyuma ya kabati, kwenye soketi.

Nakuomba kitu kimoja, ndugu yangu. Twende kwangu, uchungulie nyuma ya kabati, uniambie kama plagi imo ukutani au imo nje. Tazama kwa macho tu. Usiulize kwa sauti.