Chaki ya Buluu

"Meza ya kati. Saa tisa alasiri. Nautaka mkono unaotoa na mkono unaopokea. Ukinipa mmoja, mwingine atakana mchana kweupe."

Mkuu wa idara ya ujasusi akakata simu.

Sindano alichomoa laini, akaivunja vipande viwili, akavaa glovu nyeupe. Leo alikuwa refa wa mchezo wa puli.

Ukumbini walikuwamo wachezaji kumi na sita wa kulipwa. Hakuna aliyepitia mchujo. Mashindano yalikuwa ya mwaliko. Barua mbili za mwaliko zilikuwa za kughushi. Ya kwanza alikuja nayo Hariri, mwembamba, mwepesi wa vidole. Ya pili alikuja nayo Nyundo, shingo nene, macho yasiyopepesa.

Hariri alikuwa na orodha ya wapelelezi kumi na mmoja wa idara walioko ng'ambo ya mpaka. Nyundo alitumwa kuipokea. Ikitoka nje ya mlango ule, watu hao wamekwisha.

Wa nne katika orodha alikuwa mpishi wa kambi ya jeshi.

Mpishi huyo alikuwa dada yake Sindano. Tumbo moja.

Imefichwa wapi? Hakuna aliyejua. Asubuhi, wakati wa ukaguzi, Sindano alipekua fimbo, glovu na chaki ya kupaka ncha ya fimbo ya kila mchezaji. Hakuambulia kitu. Akaandika kila kifaa kwenye fomu.

"Kanuni ya kumi na nne," alimwambia Nyundo. "Mchezaji hutumia vifaa vyake tu. Soma, kisha utie sahihi."

"Mimi nisome makaratasi yako? Nani kakutoa jikoni, mama?"

Akatia sahihi bila kusoma.

Sasa walikuwa mezani, kamera tatu zikiwatazama. Hariri anacheza. Nyundo amekaa kwenye kiti chake, maana kanuni haimruhusu kuinuka mpaka mwenzake akose.

Hariri hakukosa. Mpira wa tano ndani. Wa sita. Wa saba. Wa nane.

"Sindano, umeona nini?" Sauti ya Dereva sikioni. Alikuwa nje, ndani ya Land Cruiser, ameliziba geti.

"Bado."

"Dakika kumi tu, halafu wanapumzika. Wakiingia chooni tumewapoteza."

Mpira wa tisa ulikuwa mdomoni mwa shimo. Hata kipofu angeuingiza.

Hariri akaukosa.

Ukumbi ukaguna. Sindano hakuutazama mpira. Aliitazama mikono. Hariri aliweka chaki yake kwenye ukingo wa meza, uso wenye unga chini. Mchezaji wa kulipwa haweki chaki hivyo, inachafua meza. Kisha akaenda kukaa, akaiacha pale.

Chaki ya buluu.

Nyundo akainuka. Akaiokota kama mtu anayeokota cha kwake. Ikazama mfukoni.

"Faulo," alisema Sindano.

"Faulo gani? Hata sijapiga!"

"Hiyo chaki uliyotia mfukoni ni ya nani?"

"Yangu."

"Sema kwa sauti. Kamera ile ya nyuma haijakusikia."

"Yangu! Nimekuja nayo kutoka kwetu! Una kichaa, wewe mwanamke?"

Sindano akaikunjua fomu taratibu, akaielekezea kamera.

"Sahihi yako hii. Umesajili chaki ya kijani. Mchezaji mwenye chaki ya buluu ni mmoja tu humu ndani."

Shingo zote zikamgeukia Hariri.

"Mimi simjui huyu," Hariri aliropoka. "Sijawahi kumpa kitu!"

"Nani kakuuliza kama umempa kitu?"



Nyundo alizungusha kitako cha fimbo. Kisu kikachomoka, chembamba, kirefu kama kiganja.

Akarusha mkono.

Sindano alinyakua pembetatu ya kupangia mipira, akaupitisha mkono ule katikati yake, akasokota. Mfupa ukalia. Kisu kikaanguka juu ya kitambaa. Hariri akatimua mbio, mlangoni akakutana na Dereva na bastola yake ya Glock.

"Unakwenda wapi, bwana? Zamu yako haijafika."

Sindano aliichomoa chaki mfukoni mwa Nyundo, akaipasua kwenye ukingo wa meza. Ndani ya unga wa buluu, kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha.

"Mkuu, mikono yote miwili. Orodha ninayo," alisema kwenye kifaa cha sikioni.

"Nakala?"

"Ilikuwa moja. Hariri ameshaanza kuongea, hata hajaulizwa."

Mkuu alivuta pumzi. "Basi dada yako apike kwa amani."

Sindano akaitia kadi mfukoni, akafunga kifungo.  

Mwenyekiti wa mashindano alikuja mbio, tai imepinda, amefura.

"Umeniharibia mashindano! Mbele ya kamera! Sasa niandike nani ameshinda?"

"Kanuni zako zinasemaje kuhusu mchezaji anayeondoka mezani bila ruhusa ya refa?"

"Amepoteza."

Sindano alitazama mlangoni. Nyundo na Hariri walikuwa wakitolewa, pingu mikononi.

"Sikumruhusu hata mmoja."

Akavua glovu, akaziweka juu ya meza, akatoka.