Msaada Usiotaka Kusagwa

Hilux ilikuwa inakula vumbi la lori lile tangu Naviundu, viungani mwa Lubumbashi.

Ajenti Mwenya, mwanamke wa idara ya usalama, alipandisha vioo, akakohoa, akaapa kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho. Aliapa hivyo kila mwaka. Mbele yake lori hilo, Howo nyekundu, lilikimbia kuelekea Kasomeno, limejaa magunia yaliyoandikwa MSAADA.

Redio ya Motorola ikakoroma.

«Nungu, uko wapi?» Alikuwa Aristote, mkubwa wake, ofisini Makomeno, akimwita kwa jina lake la kazi.

«Nyuma yake, chef. Nilitwaa punje ku barrière ya barabara, pale lori ilisimama. Nilipima.»

«Na?»

«Kipimo kilitoa mistari mbili. Njo ile mahindi ya ku laboratoire.»

Aristote akashusha sauti.

«Iache ipite. Ordre ya kule juu.»

Mwenya hakushangaa. Kazi ilikuwa imemfundisha kwamba amri ya kuacha hufika haraka kuliko amri ya kukamata.

Serikali ilikuwa imeruhusu mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yaingie nchini yakiwa unga tu. Punje nzima, hapana, mpaka Bunge lijadili. Unga unaliwa, unakwisha. Punje inapandwa, na ikishachanganyika na mashamba ya jirani hakuna wa kuirudisha. Kampuni moja ya kigeni ilichoka kungoja. Ilitaka mvua ya kwanza ikute mbegu zake ardhini, wabunge wajadili shamba ambalo limekwisha kuota. Aliyeitilia saini karatasi ya kuingiza punje hizo kama chakula ni Guelor, mshauri wa serikali, mtu wa suti na manukato.

Na Kasomeno aliishi Constance, dada mkubwa wa Mwenya, akilima mahindi meupe waliyoachiwa na mama yao. Msimu mmoja tu ungetosha kuyapoteza.

«Nimesikia, chef,» akasema. Akazima redio.

Sokoni lori lilikuwa limesimama. Guelor alisimama kando yake na kipaza sauti.

«Bamama, mupange mustari! Kila mutu atatwaa yake!»

Foleni ilikuwa ndefu. Bei ya unga ilikuwa imewatesa watu miezi mizima. Bastola ya Beretta ilimlalia Mwenya kiunoni, lakini ampige nani? Wenye njaa? Na kuyachoma mahindi mbele yao ni ukatili, angekuwa mbaya kuliko Guelor.

Akamkuta dada yake Constance kwenye foleni.

«Yaya, mashini ya kusaga inatumika leo?»

«Inatumika. Juu ya nini unauliza?»

Mwenya akaliendea lori. Alipanda juu ya magunia, goti likimuuma, akainua kitambulisho.

«Bamama! Serikali inasema hii ni chakula. Basi hatugawe punje. Tunapeleka yote ku mashini, kila mutu anatwaa bunga yake. Kusaga ni bule. Mazout ya mashini ni yangu!»

Vigelegele. Vijana wakashusha magunia yote, wakayabeba mabegani. Ng'ambo ya soko mashine ikaanza kunguruma.

Guelor alikuja mbio, jasho likimtiririka.

«Madame, munaharibisha!»

«Naharibisha nini? Karatasi yako inasema chakula. Mutu anakasirika juu bunga itapikwa bukari?»

Guelor aligeuka kutazama. Gunia la kwanza lilikuwa limeshafika mlangoni kwa mashine. Akanyanyua kipaza sauti awazuie wabebaji.

«Simameni! Hapana kusaga! Ile ni mbegu!»

Soko zima likasikia.

Dereva wa Howo alizitazama nyuso za watu, akawasha lori tupu, akaondoka. Constance akatua beseni lake chini.

«Mbegu? Tungepanda bila kujua! Ni nani alituuliza?»

Simu ya Mwenya ikalia; alikuwa Aristote.

«Mwenya! Nani alikupa ruhusa?»

«Karatasi yenu, chef. Niliifuata tu.»

«Kule juu banauliza nani atajibu.»

«Mwenye kutia signature. Guelor iko hapa.»

Akakata. Alijua mchezo ulivyo: wakubwa wa namna ya Guelor hawaanguki, wanahamishiwa ofisi nyingine. Hilo lilimchosha kuliko barabara. Lakini mashine ilikuwa inasaga, na mwaka huu mbegu ile haingeota Kasomeno.

Wanawake walimzunguka Guelor. Mmoja akamletea kiti, kwa adabu kabisa. Hakuna aliyempisha njia.

«Madame l'agent,» Guelor akaita kwa sauti ndogo, «tuende wote ku Lubumbashi. Nakuomba.»

Mwenya akafungua mlango wa Hilux.

«Balikupatia kiti, monsieur le conseiller. Ikala, ujibu.»

Akaondoka polepole. Nyuma yake, Constance alikuwa ameshauliza swali la kwanza.