Chaza Wenye Sumu Katika Maji Safi

Mke na mume walifuga chaza ghubani. Chaza waliishi ndani ya vikapu vilivyoning'inia kwa kamba chini ya maboya. Kila asubuhi mke alivuta vikapu, akasugua magamba kwa brashi, akawapanga chaza wakubwa upande wao na wadogo upande wao. Mume alipeleka ndoo kwa mpishi wa hoteli iliyo karibu na soko.

Asubuhi moja, siku kadhaa baada ya mvua kubwa kukatika, maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Wakavuna. Ndoo ikaenda hotelini. Chaza waliobaki, mke akawachemsha mpaka magamba yakafunguka, akamwekea mumewe bakuli la supu. Yeye mwenyewe alikuwa bado anaosha vikapu.

Mume hakuwa amemaliza supu aliposema midomo inamchonyota. Baada ya muda vidole vikafa ganzi. Akacheka, akasema labda aliulalia mkono. Lakini alipotaka kusimama, miguu ilimkatalia. Kicheko kikaishia hapo.

Mke akakimbilia kwa jirani, mwanamke aliyefanya kazi katika maabara ya kupima maji ya bahari. Jirani aliposikia neno chaza, alikuwa tayari anatafuta viatu.

"Shemeji aende hospitali sasa hivi," alisema. "Na wewe, dada, chaza wengine wako wapi?"

Mke akaikumbuka ndoo ya hotelini. Akampigia simu mpishi. Kwa bahati mpishi alikuwa bado anakata vitunguu, ndoo haijaguswa. Mke akamwomba asimpe mtu yeyote, hata paka.

Hospitalini mume alilazwa, wauguzi wakawa wanaangalia pumzi yake. Daktari alieleza kwamba sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili wenyewe uitoe. Ndiyo maana kungoja nyumbani ni hatari. Kesho yake mume aliweza kushika kikombe tena.

Mke na jirani walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Woga ulipopungua, maswali yakaanza. Mke alisema supu aliichemsha vizuri. Jirani akamwambia kwamba moto hauivunji sumu hii, wala ndimu, wala barafu. Inatoka kwa vijimea vya baharini, vidogo visivyoonekana kwa macho. Chaza huchuja maji, huvila vijimea hivyo, na sumu hubaki katika nyama yake. Chaza mwenyewe humwoni ameugua.

Mke hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna.

"Mwaka jana maji yaligeuka mekundu," alisema. "Tulikula, na hatukuugua. Safari hii maji ni safi kabisa. Inakuwaje?"

"Mwaka jana mlibahatika, msijaribu tena," jirani alijibu. "Rangi inakuonyesha kwamba vijimea ni vingi. Haikuonyeshi kama ni aina yenye sumu, wala kila kimoja kimebeba sumu kiasi gani."

"Na nini kinakifanya kijimea kibebe sumu nyingi?"

Jirani akasogea karibu. Alieleza kwamba kijimea kinahitaji nitrojeni na fosforasi, vyakula vilevile vilivyomo katika mbolea. Mvua ikisomba mbolea ya mashambani, nitrojeni inaweza kuwa tele baharini, fosforasi ikawa haba. Bila fosforasi, kijimea kinashindwa kugawanyika kuwa viwili. Lakini nitrojeni kinayo, na sumu hii hutengenezwa kwa nitrojeni. Basi kinabaki kimoja vilevile, na sumu inajazana ndani yake. Joto na mwanga wa jua navyo vinachangia. Tena kuna wadudu wadogo wanaokula vijimea. Baadhi ya vijimea vikihisi wadudu hao majini, huongeza sumu.

"Kumbe vinajihami," mke alisema.

"Tunadhani hivyo. Bado tunalichunguza."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Kwa macho huwezi. Tuletee chaza tupime nyama yao kabla ya kuvuna."

Wiki kadhaa chaza walikaa majini bila kuvunwa, ila wachache wa kupimwa. Vijimea vilipopungua, chaza wakaanza kuitoa sumu polepole. Vipimo vilipotoka safi mara mbili mfululizo, wakavuna, na wateja wa hoteli wakala bila tatizo. Tangu hapo mpishi hapokei ndoo kabla ya kuuliza majibu ya maabara.

Msimu mwingine, maji yakiwa maangavu kama kioo, majibu yalikuja mabaya. Jirani akawaita mke na mume waje maabara, akawaonyesha tone la maji kwenye hadubini. Mke aliinama, akakaa hapo muda mrefu. Vijimea vilikuwa vya mviringo, vimeshikana kama shanga.

"Vinapendeza hivi, kumbe vina sumu," alisema taratibu, akampisha mumewe.

Mume naye alitazama. Kisha wakarudi ghubani kuwaeleza wafugaji wenzao walichokiona. Siku hiyo hakuna aliyevuta kamba. Msimu ukapita, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelazwa.